Maumivu ya kichwa yanayochochewa na mawazo si ya kubuni

MAUMIVU ya kichwa ya mkazo ndiyo yanayowapata watu wengi zaidi duniani. Inakadiriwa kuwa takriban mtu 1 katika kila 4 huugua aina hii. Hata hivyo, ndiyo hudharauliwa zaidi. Anayeyalalamikia huambiwa kwamba ana mawazo tu, hununua vidonge dukani na mambo yakaishia hapo.

Usemi huo una ukweli nusu. Hali ya nafsi huchangia pakubwa maumivu haya, lakini haimaanishi kwamba mgonjwa anajisingizia.

Dalili zake

Mgonjwa huhisi kana kwamba amefungwa ukanda unaombana kichwa pande zote mbili. Maumivu hayapwiti kama yale ya kipandauso, na kwa kawaida hayaandamani na kichefuchefu wala kutapika. Kutembea au kupanda ngazi hakuyazidishi. Hudumu kuanzia dakika 30 hadi siku 7. Yakimpata mtu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, madaktari huyahesabu kuwa sugu.

Jina lenyewe limebadilika. Mnamo 1962, kamati ya wataalamu nchini Marekani iliyaita maumivu ya kukaza kwa misuli. Baadaye vipimo vilidhihirisha kwamba kiwango cha kukaza kwa misuli hakilingani na kiwango cha maumivu. Chama cha Kimataifa cha Maumivu ya Kichwa kililiacha jina hilo katika uainishaji wake wa 1988.

Nafsi inavyochangia

Wagonjwa wenyewe hutaja msongo wa mawazo kuliko kichocheo kingine chochote. Si lazima liwe janga kubwa. Kero ndogondogo zinazojirudia kila siku, kama vile karo, kodi ya nyumba, ugomvi kazini na usingizi wa mang'amung'amu, hutosha.

Maelezo yake ni haya. Misuli ya kichwa na shingo hupeleka ishara za maumivu hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Kwa kawaida ubongo huwa na uwezo wa kuzipunguza ishara hizo. Msongo, wasiwasi na ukosefu wa usingizi huudhoofisha uwezo huo. Hali ikiendelea kwa muda mrefu, neva huwa nyepesi mno kuhisi, hata mguso mdogo kichwani au shingoni ukauma.

Miongoni mwa wenye maumivu sugu, wasiwasi na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, vimeenea zaidi kuliko kwa watu wengine. Lakini athari huenda pande zote mbili: mawazo huzidisha maumivu, nayo maumivu ya kila siku huzaa huzuni. Anayeamini kwamba hatapona kamwe huishi akiyasubiri maumivu, na hofu hiyo humwongezea mateso.

Vidonge pekee havitoshi

Dawa za kawaida za kutuliza maumivu husaidia zikitumiwa mara mojamoja. Zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zenyewe zaweza kusababisha maumivu ya kichwa. Kwa vidonge vilivyochanganywa dawa kadhaa, kiwango cha hatari ni siku 10. Hivyo, amezaye kila asubuhi huenda anauchochea moto anaotaka kuuzima.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 uliwahusisha wagonjwa 203 wenye maumivu sugu. Baadhi walipewa dawa za jamii ya amitriptyline, wengine wakafunzwa kukabiliana na msongo, na wengine wakapata yote mawili. Waliopungukiwa na maumivu kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 38 kwa dawa, asilimia 35 kwa mafunzo, na asilimia 64 kwa vyote viwili. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa asilimia 29. Funzo ni kwamba mwili na nafsi hutibiwa pamoja.

Mafunzo yenyewe si ya ajabu. Mgonjwa hujifunza kulegeza misuli, kupumua polepole na kuzitambua fikra zinazomchosha. Kuandika kila siku saa ya maumivu, usingizi aliopata na jambo lililomkera humsaidia yeye na daktari kukitambua kichocheo.

Usikawie kwenda hospitalini

Si kila maumivu ya kichwa ni ya mkazo. Mwone daktari mara moja iwapo maumivu yamezuka ghafla kwa ukali usio wa kawaida, yameandamana na homa na shingo kukakamaa, yamefuata kuumia kichwani, au yameleta udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kuvurugika kwa akili au kutoona vyema. Vilevile, maumivu mapya yanayoanza baada ya umri wa miaka 50, au kwa mjamzito, yanahitaji kuchunguzwa.

Hatari hizo zikishaondolewa, daktari akikuuliza kuhusu usingizi, kazi na mambo ya nyumbani, usidhani anakudharau. Anatafuta chanzo cha ugonjwa wako.