Kuku wa Kiitaliano kwenye presha kuka: kutoka chungu cha Papin hadi jikoni Kisesa

Kisesa, mji mdogo wa wilaya ya Magu ulio yapata kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwenye barabara ya Musoma, maji hayangoji nyuzi 100 ndipo yachemke. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo kanieneo ya hewa imepungua, na maji hutokota yakifika nyuzi 96 hivi. Hata moto uchochewe namna gani, sufuria ya kawaida haiongezi joto. Kinachoongezeka ni mvuke unaopotea na mkaa unaokwisha. Mpishi wa Dar es Salaam na wa Kisesa wakiinjika maharage ya gunia moja kwa wakati mmoja, wa Kisesa atachelewa kula.

Ugumu huo huonekana zaidi siku ya kuchinja mtetea. Kuku wa kienyeji aliyezunguka uwanjani miaka miwili, akipekua samadi na kukimbia mwewe, ana misuli iliyokaza na kolajeni nyingi inayoshika nyama kwenye mfupa. Kolajeni hiyo ndiyo utamu wake, kwa sababu ikiyeyuka ndiyo inayoifanya supu iwe nzito na kuganda ikipoa. Lakini haiyeyuki haraka. Mtetea aliyekomaa anaweza kukaa jikoni saa mbili na zaidi, na katikati ya mapishi jiko huongezwa makaa.

Wapishi wa mashambani Italia walikuwa na kuku wa namna hiyohiyo. Kutokana naye walipata pollo alla cacciatora, yaani kuku wa mwindaji, chakula ambacho leo kinapikwa dunia nzima, nacho ndicho kuku wa Kiitaliano wa makala haya. Pellegrino Artusi, aliyekusanya mapishi ya nyumbani ya nchi hiyo katika kitabu alichokichapisha Florence mwaka 1891, alimpika kwa kitunguu, divai na nyanya. Nyanya yenyewe ilikuwa mgeni huko, kwani ilifika Ulaya kutoka Amerika katika karne ya 16. Wapishi wa baadaye wameongeza karoti, kitunguu saumu, majani ya rozimari, na wengine pilipili hoho. Mwenyeji wa Mwanza akionjeshwa hatashangaa sana, maana anajua makange na anajua rosti. Tofauti kubwa iko kwenye divai, kwenye majani yenye harufu, na kwenye subira ya kumwacha kuku aive taratibu ndani ya mchuzi wake badala ya kuchemshwa kwanza na kuungwa baadaye.

Waitaliano si wageni Afrika Mashariki. Wamisionari wa Consolata waliingia Iringa mwaka 1919, baada ya Wajerumani kuondolewa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, maelfu ya mateka wa Kiitaliano walishikiliwa Kenya. Mwaka 1967 kituo cha Waitaliano cha San Marco, kilichojengwa baharini karibu na Malindi, kilirusha setilaiti yake ya kwanza, na Malindi ukawa mji ambao wenyeji wake wengi huzungumza Kiitaliano na wageni mitaani. Tambi na mchuzi wa nyanya zikakaa mezani pamoja na wali wa nazi.

Chombo kinachoweza kufupisha kazi ya kumlainisha mtetea kilibuniwa na Mfaransa. Denis Papin, aliyezaliwa karibu na mji wa Blois mwaka 1647, alisomea udaktari lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashine. Alifanya kazi Paris chini ya Christiaan Huygens, kisha akavuka kwenda London na kuwa msaidizi wa Robert Boyle. Huko, mwaka 1679, aliwaonyesha wanasayansi wa Royal Society chungu kizito cha chuma chenye mfuniko uliobanwa kwa skrubu. Mvuke usipopata njia ya kutoka, kanieneo hupanda, na maji hayachemki tena kwa joto lile la kawaida. Joto huenda juu zaidi. Papin alitaka kulainisha mifupa. Aliona kwamba ndani ya mifupa inayotupwa kuna chakula, na kwamba chungu chake kingeweza kukitoa kwa moto mdogo. Mwaka 1681 alichapisha kijitabu cha kueleza kazi hiyo.

Chungu cha namna hiyo bila tahadhari ni bomu, na Papin alilijua hilo mapema. Alitoboa tundu kwenye mfuniko, akaliziba kwa kizibo kilichokandamizwa na mkono wa chuma wenye uzito mwishoni. Kanieneo ikizidi, uzito huinuka, mvuke hutoka na chungu kinabaki salama. Hiyo ndiyo valvu ya usalama, na huenda ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote.

Tarehe 12 Aprili 1682, wanachama wa Royal Society walikula chakula cha jioni kilichopikwa kwenye vyungu vya Papin. Mmoja wao, John Evelyn, aliandika habari zake katika shajara yake. Mifupa migumu ya ng'ombe na kondoo ilikuwa laini kama jibini, na njiwa waliopikwa kwa maji yao wenyewe walimfurahisha kuliko vyote. Evelyn hakuishia kwenye ladha. Aliandika pia kiasi cha makaa kilichotumika: chini ya aunsi nane, yaani kama gramu 225. Kiasi hicho kinaenea kwenye viganja viwili. Kwa mtu wa Kisesa anayenunua mkaa kwa kopo, hiyo ndiyo habari kubwa ya karamu ile. Watu wengi leo huisifu presha kuka kwa kuokoa muda, lakini tangu mwanzo sifa yake nyingine ilikuwa kuokoa moto, na sifa hiyo ndiyo inayoigusa kanda ya ziwa.

Papin alipita pia Italia. Mwanzoni mwa miaka ya 1680 aliitwa Venice kufanya majaribio katika chuo cha Ambrose Sarotti, akarudi London mwaka 1684. Kutoka kwenye chungu mawazo yake yakahamia kwenye silinda na pistoni, na mwaka 1690 alieleza jinsi mvuke unavyoweza kusukuma mashine. Valvu ya usalama ikaingia kwenye boila za viwanda, za meli na za treni. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, vichwa vya treni vilivyoingia vikifuka moshi vilikuwa na vizazi vya valvu ile ya London. Hivyo valvu ya Papin ilifika ziwani miaka mingi kabla chungu chake hakijazoeleka jikoni.

Chungu chenyewe kilichelewa kwa sababu kilikuwa kizito, ghali na cha kutisha. Mabadiliko yalikuja na alumini na viwanda vya karne ya 20. Mwaka 1938 Alfred Vischer aliuza New York sufuria ya presha iliyofungwa kwa urahisi kwa matumizi ya nyumbani, na mwaka uliofuata kampuni ya Presto ikaonyesha yake kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini humo. Kisha vita ikachukua alumini yote kwa ajili ya ndege. Vita ilipokwisha, watengenezaji wengi waliingia sokoni kwa pupa, baadhi yao wakiuza vyombo hafifu, na hofu ya sufuria inayolipuka ikaenea Marekani nzima. Hofu hiyo haijafutika hadi leo. Italia iliipokea sufuria hiyo kwa furaha zaidi baada ya vita, wanawake wengi walipoanza kufanya kazi viwandani na maofisini. Jina lililovuma huko ni Lagostina, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1901 Omegna, mji ulio ukingoni mwa ziwa Orta.

Jikoni Afrika Mashariki, presha kuka imepita zaidi kwa mlango wa Wahindi. Kampuni ya Hawkins ilianzishwa Bombay mwaka 1959, na sufuria za Prestige zikaanza kutengenezwa India miaka hiyohiyo. Dengu, choroko na maharage, vyakula vinavyokula moto kuliko vyote, vilipata chombo chao. Muda wa kupika ukahesabiwa kwa milio ya filimbi: dengu milio kadhaa, nyama milio zaidi. Miji kama Mwanza, ambako Wahindi wamefanya biashara ya pamba na duka tangu enzi za ukoloni, haikuwa mbali na desturi hiyo.

Vijijini Usukumani hali ilikuwa nyingine, na historia ya kuni inaeleza sababu ya suala hili kuwa zito. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilihimiza ufyekaji wa mapori ili kumfukuza mbung'o. Pamba na mifugo vikafuata kwenye ardhi iliyosafishwa. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa wazi kiasi kwamba watu walipikia mabua ya pamba na samadi kavu, vitu ambavyo shamba lilivihitaji. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudisha heshima ya ngitili, maeneo ya malisho na miti yanayotengwa kwa desturi ya Wasukuma. Pale Bujora, Kisesa, makumbusho yaliyoanzishwa na padri Mkanada David Clement yanatunza ngoma, vifaa vya watemi na vyombo vya nyumba ya Kisukuma. Anayepita hapo na kuangalia vyombo vya jikoni ataona vyombo vya nchi iliyokuwa na kuni karibu.

Umeme ndio ulioibadilisha hesabu. Hataza ya presha kuka ya umeme iliombwa China mwaka 1991. Mwaka 2010 Robert Wang na wenzake wa Kanada wakaitangaza duniani kwa jina la Instant Pot. Chombo hicho hupima joto na kanieneo chenyewe, hujizima, na kuta zake hutunza joto. Nchini Tanzania, shirika la TaTEDO, linaloshughulikia nishati tangu mwaka 1990, lilifanya utafiti wa kupikia umeme pamoja na mpango wa MECS wa Uingereza, likizipa familia vyombo na kuziomba ziandike kila zilichopika. Mwezi Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua mjadala wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia. Tarehe 8 Mei 2024 alizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Umeme nao umeongezeka: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115, na maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Kagera unaomwaga maji yake Ziwa Victoria, yanatoa megawati 80 kwa Tanzania, Rwanda na Burundi.

Basi mtetea wa Kisesa anaweza kupikwa Kiitaliano hivi. Anakatwa vipande, anapakwa chumvi, anakaangwa kwa mafuta kidogo humohumo kwenye presha kuka hadi ngozi iwe ya kahawia. Anatolewa. Kitunguu, karoti na kitunguu saumu vinakaangwa kwenye mafuta yaleyale, kisha inamiminwa supu kikombe kimoja pamoja na divai kidogo, na mwiko unakwangua kila kilichoshika chini, maana utamu uko pale. Asiyetumia divai atie siki kijiko kimoja au viwili. Kuku anarudishwa, nyanya zilizokatwakatwa zinawekwa juu yake bila kukoroga ili zisiungue kitakoni, na kijiti cha rozimari kinafuata. Mfuniko unafungwa. Presha ikishapanda, mtetea mkubwa anahitaji kama nusu saa. Broila atavunjikavunjika ukimpa zaidi ya dakika kumi na mbili. Katika sufuria inayofikia kanieneo ya bar moja juu ya ile ya nje, maji ya Kisesa yaliyokuwa yakichemka kwa nyuzi 96 sasa yanafika karibu 118. Mwisho mfuniko unatolewa na mchuzi unaachwa upungue hadi ushike kwenye nyama. Kwa ugali wa mtama unakwenda vizuri kuliko kwa tambi.

Gharama yake inahesabika. Chombo cha wati 1,000 hakivuti umeme muda wote; kikishapata presha huwaka na kuzima. Kikiwaka kwa jumla ya dakika 20, kimetumia theluthi moja ya uniti. Kwa mteja wa nyumbani anayelipa shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni chini ya shilingi 120. Bei ya kopo la mkaa mtaani kwake msomaji anaijua.

Kinachobaki ni hofu na vipuri. Sufuria isijazwe zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage nusu inatosha, kwa kuwa povu na maganda huziba tundu la mvuke. Mfuniko usilazimishwe kufunguka kabla presha haijashuka. Mpira wa mfuniko ukikakamaa au kupasuka ubadilishwe. Hapo ndipo wengi hukwama: chombo hununuliwa, mpira huchakaa, mwingine haupatikani dukani, na sufuria huwekwa juu ya kabati. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekwisha kuuza mitungi ya gesi kwa ruzuku ya nusu bei katika wilaya nyingi. Ruzuku ya namna hiyo na iifikie presha kuka ya umeme kwa upana uleule, na kila chombo kiuzwe na mpira wa akiba pamoja na karatasi ya maelekezo ya Kiswahili.