Nani Ashike Sindano?

Kuchanja kulikuwepo kabla ya sindano. Waswahili tumechanja kuni, tumechanja ngozi. Mganga aliyetaka dawa iingie mwilini alikata kwa wembe, akaipaka juu ya damu, ikabaki chale. Daktari wa Kizungu alipokuja na dawa yake ya ndui, naye akakwaruza mkono na kupaka. Lugha haikuona haja ya kutafuta neno jipya.

Nalikumbuka neno hili kila nisikiapo swali la kama mfamasia aruhusiwe kuchanja watoto. Marekani iliwaruhusu Agosti 2020, katikati ya Uviko, kwa watoto wa miaka 3 hadi 18, baada ya wazazi wengi kuacha kwenda kliniki. Kwetu Unguja mtoto huchanjwa kituo cha afya, na muuguzi, bila ya malipo. Famasi ya Darajani tunaijua kwa panadoli na dawa za kikohozi.

Mpaka huo baina ya anayechoma na anayeuza tunauona kama wa tangu azali. Tazama lile jengo la Mizingani lenye roshani za mbao zilizochongwa, linaloelekea bandari. Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, akafariki 1891 halijakamilika. Baadaye likanunuliwa kwa fedha za wakfu wa Haji Nasser Nurmohamed, likawa Ithnaasheri Dispensari: dawa chini, wapangaji juu. Watalii hupiga picha roshani. Mimi hunivutia jina. Dispensari ni mahali pa kutolea dawa, na watu wa mji waliingia mlango mmoja kumwona daktari na kuchukua chupa yao. Kwamba huyu ashike sindano na yule ashike risiti ni utaratibu wa ofisi tu.

Ndui ndiyo iliyouvunja utaratibu huo kwa nguvu zaidi. Katika miaka ya 1960 ilitengenezwa sindano yenye ncha mbili, kama uma mdogo. Unaichovya, tone la dawa linakaa baina ya ncha, unachomachoma ngozi mara 15. Dawa yenyewe ilikaushwa ikawa unga unaostahimili joto. Mtu asiyewahi kuvaa koti jeupe aliweza kufundishwa kazi hiyo chai ikiwa bado ya moto. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, aliugua Oktoba 1977 huko Marka, mmoja wa miji ya Benadir ambayo Sultani wa Zanzibar aliikodisha kwa Waitaliano mwaka 1892. Alikuwa mpishi wa hospitali. Aliwahi pia kuajiriwa kwa muda kuchanja wenzake, na yeye mwenyewe akaikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu! Alipona. Alifariki mwaka 2013, akiwa katika kampeni ya polio.

Kwa hiyo hoja ya ujuzi wa mkono hainitishi sana, mpishi aliweza. Kinachonisumbua ni chupa. Chupa ya BCG ina dozi 20. Ikishachanganywa na maji yake ina saa 6, kisha hutupwa. Chupa nyingi za surua zina dozi 10, na sharti ni hilo hilo. Ndiyo maana kliniki nyingi hukusanya watoto siku maalumu, na mama huambiwa arudi Alhamisi. (Mama anayeuza samaki hana Alhamisi.) Famasi iko wazi hadi usiku, ina friji, ina mtu aliyesomea dawa kwa miaka. Lakini akiletwa mtoto mmoja saa mbili usiku, ifunguliwe chupa ya watoto 20? Na zile dozi 19 azilipe nani?

Halafu kuna daftari. Wachanjaji wa ndui walikwenda nyumba kwa nyumba kumtafuta ambaye hakuja. Muuguzi wa kituo anaweza kufungua daftari lake akaona kwamba mtoto fulani wa Jang'ombe alichanjwa wiki ya sita kisha akapotea. Mfamasia humwona anayeingia mlangoni tu, na mtoto wa surua ni yule asiyeingia.

Mimi ningewaruhusu, kwa kuanzia na chanjo zinazokuja chupa moja kwa mtu mmoja. Kadi ijazwe papo hapo, na jina lifike kituoni siku hiyo hiyo, ili mtoto akikosekana sheha aweze kuulizwa. Na bei iwe ya kituo, yaani hakuna. Hapo wenye maduka watauliza, kwa haki kabisa, nani analipa umeme wa friji, na mjadala wa sindano utahamia kwenye bajeti ya Wizara, kikao ambacho wanahistoria huwa hatualikwi.