Kupokea si Kuchukua: Barua Pepe, Kompyuta ya Ukubwa wa Kati na Masijala ya Ofisi

Ikisiri

Makala hii inajadili tofauti kati ya kupokea barua pepe na kuichukua, kwa kutazama namna AS/400, kompyuta ya biashara ya ukubwa wa kati, ilivyofanya kazi hizo mbili. Hoja yake ni kwamba kupokea ni tendo la taasisi, na kuchukua ni tendo la mtu. Sanduku la posta na masijala vilizitenga kazi hizo. Ofisi inayozichanganya huiacha kumbukumbu yake iondoke na mtumishi.

Utangulizi

Watanzania tumezoea barua isiyofika mlangoni. Anwani ya ofisi iliyoko Mbeya haikuhitaji kutaja mtaa wala nyumba, iwe Soweto au Iyunga. Ilitaja S.L.P., namba na jina la mji, basi. Barua ilitoka Dar es Salaam, ikapita Iringa na Makambako, ikaingizwa sandukuni, na hapo posta ilikuwa imemaliza kazi yake. Iliyobaki ilikuwa kazi ya tarishi mwenye ufunguo. Aliichukua barua na kuifikisha masijala, ambako karani aliigonga mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, akaiandika kwenye rejesta, akaitia kwenye jalada na kuipa namba ya folio. Ndipo jalada likapelekwa kwa mhusika.

Utaratibu huo ulikuwa na urasimu wake, na wapo waliosubiri majibu hadi wakachoka. Lakini ulibeba kanuni moja nzito: barua ilikuwa mali ya ofisi kabla haijawa mikononi mwa mtu yeyote. Makala hii inauliza kanuni hiyo ilikwenda wapi barua ilipohamia kwenye kompyuta.

Posta ndani ya mashine

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, kwa hiyo mitambo ya ofisi ilichelewa kuenea. Wakati huohuo, nje ya nchi, kampuni ya IBM ilikuwa ikitengeneza huko Rochester, Minnesota, familia ya mashine zilizokaa kati ya kompyuta kuu za mashirika makubwa na kompyuta ndogo za mezani. AS/400 ilizinduliwa tarehe 21 Juni 1988. Ilitumiwa na mabenki, viwanda na wasambazaji wa bidhaa kuendeshea stoo, ankara na mishahara. Mfumo wake endeshi unaendelea kutumika hadi leo kwa jina la IBM i.

Mashine hiyo haikuzaliwa na barua pepe ya intaneti. Ilikuwa na mfumo wake wa ndani wa kusambaza nyaraka. Ili ipokee barua za ulimwengu ilibidi ijifunze itifaki mbili za watu wengine. Ya kwanza ni SMTP, iliyochapishwa mwaka 1982, ambayo hupeleka barua kutoka seva moja hadi nyingine. Ya pili ni POP, iliyotoka mwaka 1984, ambayo humwezesha mtu kuchukua barua zake kutoka kwenye seva. Herufi POP zinasimama badala ya Itifaki ya Posta. Kwa msomaji wa Mbeya jina hilo halihitaji ufafanuzi: SMTP hufikisha barua sandukuni, POP ni ufunguo wa tarishi.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kampuni ya kahawa yenye ofisi Mbeya na mashine ya aina hii, inayoandikiwa na mnunuzi wa Hamburg. Seva ya mnunuzi inabisha hodi katika mlango namba 25 wa mashine hiyo. Ikikuta umeme umekatika au laini imelala, haikati tamaa mara moja. Kwa desturi ya itifaki hurudia kwa siku 4 au 5 kabla ya kumrudishia mtumaji barua yake. Mashine ikiitika, huangalia kwanza kama mwandikiwa yumo katika orodha yake ya usambazaji. Katika orodha hiyo kila mtu hutambuliwa kwa sehemu mbili, kila moja isiyozidi herufi 8. Jina la Kinyakyusa kama Mwakalinga lina herufi 10. Kwa hiyo kabla mwenyewe hajapata barua hata moja, lazima msimamizi wa mfumo aamue likatwe wapi, kisha aliunganishe na anwani ya intaneti inayojulikana nje.

Jambo hilo linaonekana kama usumbufu wa kiufundi, lakini ndilo tendo la masijala lenyewe. Hakuna aliyeweza kuandikiwa kupitia mashine ile bila taasisi kumtambua kwanza.

Kuna kikwazo kingine kilichofichika zaidi. AS/400 huhifadhi maandishi kwa msimbo wa EBCDIC, ilhali barua ya intaneti husafiri kwa ASCII. Alama ya @, iliyo moyo wa kila anwani ya barua pepe, katika ASCII ina thamani ya 40 kwa hesabu ya kumi na sita. Katika EBCDIC, 40 ni nafasi tupu. Bila tafsiri, alama inayomtenga mtu na taasisi yake ingesomeka kama pengo. Kwa hiyo kupokea kulikuwa pia kufasiri: mashine iliigeuza barua kuwa kitu ambacho mifumo yake ya ankara na stoo ingeweza kukisoma.

Ufunguo na mtego wake

Barua ikishapokelewa hukaa kimya. Kompyuta ya mezani ya karani ndiyo inayoifuata: hutaja jina na nenosiri, huuliza ziko barua ngapi, huzichukua moja moja, na ikitaka huagiza zifutwe. POP ina busara moja ya kupendeza kwa mazingira ya umeme wa mashaka. Amri ya kufuta haitekelezwi papo hapo. Seva huziwekea alama barua husika na kusubiri karani aage rasmi. Laini ikikatika kabla ya kuaga, hakuna kilichofutwa, na kesho ataanza upya.

Lakini akiaga salama, na kama programu yake imepangwa kufuta, ofisi haina tena nakala katika mashine kuu. Oda ya Hamburg sasa iko katika kompyuta moja, mezani pa mtu mmoja. Ni sawa na tarishi aliyetoka posta na barua mkononi akapitiliza moja kwa moja hadi nyumbani kwake. Itifaki ya IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, ilichukua mkabala tofauti: barua hubaki kwenye seva, na msomaji huiona kutoka popote. Kwa hiyo uchaguzi kati ya POP na IMAP, ambao kwa kawaida huachiwa fundi, kwa hakika ni uamuzi wa utunzaji kumbukumbu.

Sheria inasema barua imefika lini?

Wanasheria walikutana na tofauti hii ya kupokea na kuchukua kwa njia yao. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, imerithi fikra ya zama za posta: mkubali akishaiweka njiani barua ya kukubali, mtoa pendekezo amefungwa hata kabla hajaisoma. Sheria ya Mfano ya Biashara ya Kielektroniki ya mwaka 1996, iliyotolewa na UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, ikaenda mbali zaidi. Ikiwa mpokeaji ameteua mfumo wa kupokelea, ujumbe umepokelewa pale unapouingia mfumo huo. Ukipelekwa kwenye mfumo wake mwingine ambao hakuuteua, umepokelewa pale anapouchukua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2005 kuhusu mawasiliano ya kielektroniki ukatazama pale ujumbe unapoweza kuchukuliwa.

Maneno hayo yanaibebesha taasisi mzigo. Kampuni iliyotangaza anwani yake rasmi haiwezi kujitetea kwamba karani alikuwa likizo Tukuyu, kwa kuwa sanduku ni lake hata kama ufunguo uko mfukoni mwa mwingine.

Pingamizi na jibu lake

Yupo atakayesema kwamba anwani binafsi ya bure haina gharama, inafunguka kwenye simu, na haihitaji fundi wala mashine. Ni kweli. Duka la Mwanjelwa lenye watu wawili halina sababu ya kununua seva, na makala hii haidai kwamba AS/400 irudi. Hoja ni kwamba mashine ile ililazimisha maswali matatu ambayo simu haiulizi: nani anatambuliwa na ofisi, barua inasajiliwa wapi, na nakala inabaki kwa nani.

Kwa ofisi za umma maswali hayo yana majibu ya kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Namba 3 ya mwaka 2002, inaihesabu kumbukumbu bila kujali umbo lake. Barua pepe ya kikazi ina hadhi ileile ya karatasi yenye folio, na haigeuki kuwa siri ya mtu kwa sababu tu imeingia kwenye simu yake. Taasisi binafsi zingeweza kuiga kwa gharama ndogo: anwani ziwe za vyeo na si za majina, nakala ihifadhiwe pale barua inapoingia kabla haijachukuliwa, na mtu wa masijala apewe haki ya kuisajili.

Hitimisho

Mtumishi anapohamishwa kutoka Mbeya kwenda Sumbawanga huandika hati ya makabidhiano. Ndani yake huorodhesha funguo, gari, mihuri na majalada, na anayeondoka na anayeingia hutia saini. Orodha hiyo inahitaji mstari mmoja zaidi, wa sanduku la barua pepe. Ikiwa mstari huo hauwezi kuandikwa kwa sababu sanduku ni la mtumishi mwenyewe, basi barua zote alizoletewa kwa jina la ofisi zilichukuliwa na mtu, na ofisi haikupokea hata moja.