Risasi: Sumu inayomfikia mtoto kabla ya kuzaliwa

Ukitaja risasi, wengi hufikiria risasi ya bunduki, ilhali madini ya risasi ndiyo yaliyoipa jina lake. Ni madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu, na siku hizi sehemu kubwa ya risasi inayotumiwa duniani huishia katika betri za magari. Mwili wa binadamu hauna kazi nayo hata chembe.

Tatizo ni kwamba mwili hauitambui. Huichukulia kama kalsiamu na kuihifadhi mifupani, ambako hukaa kwa miongo. Mwanamke akishika mimba, mwili wake huchota kalsiamu mifupani ili kumjenga mtoto, na risasi iliyomwingia mama huyo angali msichana huchotwa pamoja nayo, ikapenya kondo la nyuma hadi kwa kijusi. Hivyo mama aweza kumrithisha mwanawe uchafu wa mtaa aliouhama zamani.

Baada ya kuzaliwa, mtoto hutambaa sakafuni na kutia kila kitu kinywani. Kwa kiasi kile kile cha vumbi lililomezwa, mwili wake hufyonza risasi mara nne au tano zaidi ya ule wa mtu mzima, na hufyonza zaidi iwapo lishe yake ina upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu. Maskini basi huumizwa mara mbili.

Kiwango cha juu sana huleta degedege, kupoteza fahamu na hata kifo. Lakini watoto wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Mwaka wa 1979, daktari Herbert Needleman wa Marekani alichapisha utafiti uliopima risasi katika meno ya utotoni ya wanafunzi wa viungani mwa jiji la Boston. Wote walionekana wazima. Hata hivyo, waliokuwa na risasi nyingi zaidi walipata alama za chini katika vipimo vya akili, na walimu wao waliripoti kwamba hawakuweza kutulia darasani. Ni mtoto wa aina hii ambaye huku kwetu huitwa mtundu au mzito wa kuelewa, akachapwa. Leo Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Hapa Kenya, funzo lilitoka Owino Uhuru, mtaa wa mabanda mjini Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu kuanzia 2007 hadi 2014. Mmoja wa wafanyakazi wake, Phyllis Omido, aligundua kuwa mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu. Aliacha kazi na kuanzisha kampeni iliyomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mnamo 2015.

Mwaka wa 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ilibatilisha fidia hiyo 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuirejesha Desemba 2024. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 wakati huo.

Petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Hata hivyo, sumu hii ingalipo katika rangi kuukuu zinazobambuka kutani, katika baadhi ya sufuria zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu, na katika nguo za fundi wa betri arudipo nyumbani. Ripoti ya UNICEF ya 2020 ilikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watatu duniani ana risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita.

Zipo dawa za kuitoa mwilini, nazo huokoa maisha ya mtoto aliyelemewa na sumu nyingi, ila hazirejeshi uwezo wa akili uliokwisha kupotea. Fundi huyo na abadilishe nguo na kuoga kabla ya kumbeba mwanawe. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa, maana ufagio hurusha vumbi hewani. Ajuaye kuwa mwanawe amecheza karibu na mahali betri zinapovunjwa aombe damu ya mtoto ipimwe, hata kama haumwi.