Kamusi za Rabai na Simu za Kisumu Ndogo

Tarehe 8 Juni 1844, muda mfupi baada ya kuhamia Mombasa, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliketi na Sheikh Ali bin Modehin, kadhi wa mji huo, wakaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kamusi ya kuwasaidia haikuwapo. Kila neno lilitafutwa kinywani mwa wenyeji, likaandikwa, kisha likaulizwa tena kwa mtu mwingine. Kazi ya Biblia na kazi ya kamusi zilianza pamoja katika pwani hii, na tangu hapo hazijaachana.

Historia hiyo inawahusu moja kwa moja wakazi wa Kisumu Ndogo, mtaa wa mji wa Malindi. Rabai, mahali ambapo Krapf aliendeleza kazi yake, leo ni sehemu ya Kaunti ya Kilifi, sawa na Malindi. Msomaji wa Kisumu Ndogo anayefungua Biblia kwenye simu isiyo na bando, akabonyeza neno na kupata maelezo yake papo hapo, anafanya kazi iliyoanzwa na majirani zake karibu miaka 180 iliyopita. La kusikitisha ni kwamba kamusi anayoipata humo mara nyingi imetungwa Uingereza au Marekani, huku zile zilizotoka Rabai zikiwa hazimo.

Kazi ya Rabai

Mwanzo wa kazi ya Krapf ulikuwa mchungu. Julai 1844, wiki chache baada ya kuanza tafsiri, alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Hakurudi kwao wakati huo. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alijiunga naye, wakajenga kituo Rabai, kati ya Wamijikenda. Mwaka 1850 Krapf alichapisha Ujerumani kitabu cha misingi ya sarufi ya Kiswahili, pamoja na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kipokomo na Kikamba zikiwemo. Afya ilimlazimu kuondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu.

Kamusi kubwa ya Krapf, yenye zaidi ya kurasa 400, ilichapwa London mwaka 1882. Mwenyewe hakuishi kuiona, kwani alifariki Novemba 1881. Mwaka 1887 ikatoka kamusi ya Kinyika, yaani lugha ya Wamijikenda, na Kiingereza, iliyokusanywa na Krapf na Rebmann, ikahaririwa na T. H. Sparshott. Mwaka 1891 W. E. Taylor akachapisha msamiati wa Kigiriama, lugha inayosikika hadi leo katika soko la Malindi.

Majina yaliyoandikwa kwenye majalada ni ya wageni, lakini elimu iliyomo ndani ni ya wenyeji na ya watu walioletwa hapa kwa nguvu. Kamusi ya Kinyanja ya Rebmann, iliyochapwa mwaka 1877, ilitegemea sana maneno ya Salimini, mtu aliyetekwa kutoka nchi ya ziwa Nyasa na kuuzwa utumwani pwani. Bila Sheikh Ali, bila Salimini, bila wazee wa Rabai waliovumilia maswali siku nzima, vitabu hivyo visingekuwa na cha kusema.

Lahaja ya pwani ikawekwa kando

Kusini mwa Mombasa, Edward Steere alikuwa akifanya kazi kama hiyo Zanzibar. Kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilitoka mwaka 1870, na Biblia nzima kwa Kiunguja ikakamilika mwaka 1891. Wakristo wa Mombasa walitaka ya kwao, wakapata Biblia ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, mwaka 1914. H. K. Binns akaipitia upya kamusi ya Krapf na kuitoa tena mwaka 1925. Kwa muda pwani ilikuwa na Biblia mbili za Kiswahili, kila moja ikiwa na kamusi za kuisindikiza.

Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya nchi zote za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza, ikasimamia Kiswahili sanifu chenye msingi wa lahaja ya Unguja. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilifuata mkondo huo. Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Muungano, ambayo hadi sasa husomwa katika makanisa mengi ya Kenya na Tanzania. Umoja huo ulileta faida kubwa. Hata hivyo maneno mengi ya Kimvita yalibaki nje ya vitabu vya shule, yakahifadhiwa katika kurasa za Krapf pamoja na maelezo yake ya mila, vyakula, mitego ya samaki na mazungumzo ya barazani. Kwa hiyo kamusi ya 1882 haijachakaa. Anayesoma tafsiri ya zamani, au anayetaka kuwaeleza wazee wa pwani Neno kwa lugha waliyolelewa nayo, bado anaihitaji.

Tatizo lilikuwa bei na mahali. Vitabu hivi vilikaa katika maktaba za misheni, vyuo na nyumba za wasomi. Mwinjilisti anayeuza mboga mchana na kufundisha Biblia jioni hakuwa na njia ya kuvifikia.

Maktaba katika memori kadi

Mlango ulianza kufunguka kutoka upande mwingine. Mwaka 1890 Mmarekani James Strong alitoa faharasa kubwa ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, akalipa kila neno la asili la Kiebrania na Kigiriki namba yake. Namba za Kiebrania peke yake ni 8,674. Mpango huo uliwafaa sana watengenezaji wa programu karne moja baadaye, kwa sababu kompyuta hufuata namba kwa wepesi. Katika miaka ya 1990 shirika la CrossWire lilianza mradi wa SWORD, unaotoa bure Biblia, fafanuzi na kamusi za kusomwa bila mtandao. Mwaka 2000 Rick Meyers akatoa e-Sword kwa kompyuta za Windows.

Huku kwetu mambo yalibadilika mwaka 2009, nyaya za intaneti za chini ya bahari zilipofika Mombasa. Mwaka 2011 simu ya Android aina ya IDEOS ikauzwa Kenya kwa bei ya karibu shilingi 8,000, na simu janja ikaanza kutoka mikononi mwa matajiri. AndBible, programu ya bure inayotumia vitabu vya SWORD, ililetea simu hizo maktaba nzima.

Utaratibu wake si mgumu. Kila kitabu ni faili lililobanwa, lenye fahirisi inayoijulisha programu neno liko wapi. Ukishalipakua mara moja, kwenye saiba au kwa mtandao wa rafiki, hulihitaji tena bando. Mafaili mengine hupitishwa kwa memori kadi. Katika mtaa kama Kisumu Ndogo, ambao jina lake lenyewe linatupeleka kwenye Ziwa Viktoria, faida hiyo ni kubwa: simu moja yaweza kubeba Biblia ya Kiswahili, ya Kiingereza, na Muma Maler ya Kijaluo, ambayo ilikamilika mwaka 1953.

Kwa nini kamusi nyingi za programu hizi ni za zamani? Sababu kuu ni sheria. Hakimiliki ya kitabu cha zamani ikiisha, kila mtu ana ruhusa ya kukinakili. Ndiyo maana utaikuta humo kamusi ya Biblia ya Easton ya mwaka 1897, na kamusi ya Kiingereza ya Noah Webster ya mwaka 1828. Webster huwasaidia hasa wasomaji wa Biblia ya 1611. Katika Warumi 1:13 ya tafsiri hiyo, kitenzi ambacho Mwingereza wa leo hukielewa kuwa ni kuruhusu kina maana ya kuzuia. Msomaji asiyejua hilo atahubiri kinyume cha mtume Paulo.

Kamusi ya zamani nayo isiaminiwe kwa kila jambo. Strong na Easton waliandika kabla ya uvumbuzi mwingi wa maandiko ya kale, na Krapf aliwatazama wenyeji kwa macho ya mmishonari wa karne yake. Faida yake hupatikana inapowekwa kando ya nyingine na kulinganishwa.

Katika kaunti hii, tabia ya kulinganisha ina uzito wa maisha. Mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya watu wanaosemekana kufunga hadi kufa kwa kufuata mafundisho ya mhubiri. Programu ya simu peke yake haiwezi kuzuia msiba kama huo. Lakini muumini aliyezoea kufungua Maandiko mwenyewe, akatazama kamusi mbili na kuuliza swali mbele ya wenzake, ni vigumu kumnyang'anya akili yake.

Kwa sababu hiyo kazi iliyobaki yafaa ifanywe hapa. Krapf wa 1882, Sparshott wa 1887 na Taylor wa 1891 hawafungwi tena na hakimiliki, na picha za kurasa za kamusi ya Krapf zinapatikana mtandaoni. Kilichobaki ni kuyachapa maneno upya, kusahihisha tahajia na kuyaweka katika muundo ambao programu huria huusoma. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na wanafunzi wake wa lugha na wa kompyuta wanaweza kuigawana kazi hii na wazee wa Rabai na Malindi, ambao bado wanayajua maneno yaliyoandikwa humo. Makanisa yanayochanga fedha za vipaza sauti yanaweza kuchangia na hili. Kamusi ya Kigiriama ya Florence Deed ya mwaka 1964 ingefuata, kwa idhini ya wenye haki.

Sheikh Ali na Salimini walitoa maneno yao, yakavuka bahari kwenda kuchapwa. Wajukuu wa pwani wana haki ya kuyasoma bila kulipia bando.