Wosia na usimamizi wa mirathi: namna ya kulinda ardhi na mali ya familia Dodoma

Tangu Serikali ilipotangaza Julai 2016 kuwa inahamia Dodoma, maeneo ya pembezoni mwa mji kama Ihumwa, Mtumba, Nala na Iyumbu, ambayo kwa miongo mingi yalikuwa mashamba ya mtama na uwele pamoja na malisho ya mifugo, yamepimwa viwanja na kupanda thamani. Shamba ambalo zamani mzee aliwaachia wanawe kwa neno la mdomo, bila mtu kuligombea, leo linaweza kuwa mali kubwa kuliko zote za familia. Kwa sababu hiyo, mambo mawili yaliyozoeleka kupuuzwa yamekuwa na uzito mpya: maandishi anayoyaacha mwenye mali, na mwenendo wa mtu anayekabidhiwa kuisimamia baada ya kifo chake.

Mtu akifariki bila wosia, si familia inayochagua kanuni za ugawaji kwa kadiri ya mapenzi yake. Mahakama huangalia maisha aliyoishi marehemu, kisha huamua sheria inayofaa: ya kimila, ya Kiislamu, au Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo bado inatumika nchini. Tofauti kati yake ni kubwa. Chini ya sheria hiyo ya mwaka 1865, mjane wa marehemu aliyeacha watoto hupata theluthi moja, na watoto theluthi mbili. Chini ya sheria ya Kiislamu, ambayo huwahusu wakazi wengi wa Kondoa, mjane huyo hupata moja ya nane, na kama wajane ni zaidi ya mmoja, hugawana fungu hilo. Chini ya kanuni za kimila zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba, mjane hana fungu lake mwenyewe, bali hutegemea kutunzwa na watoto wake. Na mabinti huwekwa daraja la tatu, nyuma ya kaka zao.

Kanuni hizo za mwaka 1963 hazisimami peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha kanuni yoyote ya kimila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi. Aidha, sehemu ya mali ambayo mjane aliichuma kwa jasho lake pamoja na mumewe si mirathi. Ni mali yake, nayo inapaswa kutengwa kabla ya kugawa chochote. Jambo hili husahaulika mara nyingi katika vikao vya ukoo, pengine kwa sababu hati ilikuwa na jina moja tu. Wanandoa wanaoandikisha hati ya kiwanja au hakimiliki ya kimila kwa majina yao wote wawili huondoa ubishi huo mapema, tena kwa gharama ndogo kuliko kesi.

Wosia humwezesha mwenye mali kusema mwenyewe. Kwa kanuni za kimila, wosia wa mdomo huhitaji mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma huhitaji wanne. Wosia wa maandishi haufutwi kwa maneno ya mdomo, hivyo kauli ya mwisho kitandani haiwezi kutengua karatasi iliyosainiwa. Mwislamu hawezi kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali yake. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) husaidia wananchi kuandika wosia na kuutunza kwa siri, na mwenye wosia anaweza kuubadilisha wakati wowote akiwa na akili timamu.

Katika uwanda wa kati, kinachopotea kirahisi zaidi ni mali isiyo na karatasi. Wafugaji wa Ugogo wana desturi ya kugawanya kundi na kuweka baadhi ya ng'ombe kwa jamaa na marafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa usilimalize lote kwa mara moja. Ni busara ya kale, lakini mwenye kundi akifariki ghafla, anayejua idadi ya ng'ombe hao ni yule anayewachunga. Orodha fupi iliyoambatanishwa na wosia, ikionyesha mifugo iko kwa nani, madeni, akaunti za benki na hisa za ushirika, humaliza maneno mengi. Mashamba ya zabibu nayo yana tabu yake: mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na haisubiri shauri liishe. Ni vyema wosia ukataja atakayelitunza shamba katika kipindi hicho.

Baada ya kifo, hatua ya kwanza ni kusajili kifo ndani ya siku 30 na kupata cheti. Kisha hufunguliwa shauri la mirathi. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria ya kimila au ya Kiislamu. Nyingine hupelekwa mahakama za juu. Muhtasari wa kikao cha ukoo husaidia kumpendekeza msimamizi, lakini haumteui. Anayeteua ni mahakama.

Msimamizi wa mirathi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi, kisha kufunga hesabu. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, na baadaye hesabu za ugawaji kwa Fomu Namba 6. Katika Mahakama Kuu, orodha hutakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Mrithi anayeona muda umepita bila orodha, au kiwanja kinatafutiwa mnunuzi bila yeye kujua, anaweza kuiomba mahakama hiyo hiyo imwite msimamizi ajieleze, na ikibidi itengue uteuzi wake.

Kwa ardhi yenye hati, barua ya usimamizi hupelekwa ofisi ya ardhi ili jina la marehemu liondolewe kwenye daftari, kwanza kwa jina la msimamizi kwa wadhifa wake, kisha kwa majina ya warithi. Familia zinazoshikilia nyaraka za iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyoundwa mwaka 1973 na kuvunjwa Mei 2017, huhudumiwa kupitia Halmashauri ya Jiji la Dodoma. Wasiomudu gharama za wakili wanaweza kupata msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kupitia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.