Dubwana Nyuma ya Mlango: Historia ya Mshtukizo katika Michezo ya Kuvaa Uhusika

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuliangalia tendo la kusimulia kwa misingi ya mambo matatu: fanani, hadhira na ngano. Makala haya yanakusudia kuyachunguza mambo hayo katika utanzu ambao bado haujapewa nafasi ya kutosha katika uhakiki wetu, yaani mchezo wa mezani wa kuvaa uhusika, uliochapishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, mwamuzi, ndiye aijuaye ramani ya magofu na viumbe waliojificha humo. Kila mmoja wa waliosalia huvaa uhusika wa mtu mmoja na kuamua mtu huyo atatenda nini. Kwa hivyo hakuna matini iliyokamilika kabla ya usimulizi, na hadhira ndiyo hiyo hiyo inayotenda.

Hali hii inazua swali lisilomkabili mtambaji wa kawaida. Katika ngano nyingi za jamii za Kenya, zimwi hujigeuza kijana mtanashati likamposa binti. Hadhira yatambua alivyo posa huyo, binti hatambui. Taharuki hutokana na pengo hilo baina ya ujuzi wa hadhira na ujinga wa mhusika. Katika mchezo wa kuvaa uhusika pengo hilo ni gumu kulidumisha, kwani mchezaji akishajua, ni muhali mhusika wake atende kama asiyejua. Na iwapo mchezaji hajui lolote, dubwana linapozuka hapatakuwa na taharuki bali ajali tu. Je, mwamuzi alifiche vipi dubwana bila ya kuonekana mlaghai? Tunadai kwamba historia ya kanuni za mshtukizo, kuanzia 1974 hadi 2024, ni historia ya majibu yaliyotolewa kwa swali hili, na kwamba kiini chake ni uaminifu wa msimulizi.

2. Chimbuko la Kificho

Mwamuzi huyu hakutoka katika fasihi, alitoka jeshini. Mnamo 1824 afisa wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezewa juu ya ramani, akiuendeleza ule ulioanzishwa na babake. Makamanda wawili walimwandikia mwamuzi amri zao. Mwamuzi aliviweka ramanini vile vikosi tu ambavyo adui angeweza kuviona. Vilivyokuwa nyuma ya kilima au msituni vilibaki katika ujuzi wake pekee. Hapa ndipo tunapokuta kwa uwazi wazo la mtu wa tatu asiyeshindana na yeyote, ambaye kazi yake ni kuitunza siri kwa haki.

Wazo hilo lilivuka bahari. Mwaka 1880 Charles Totten alichapisha nchini Marekani kitabu cha michezo ya vita kiitwacho Strategos, nacho kikaja kumwathiri David Wesely wa Minnesota. Mchezo wake wa Braunstein, wa mwaka 1969, ulimpa kila mchezaji mtu mmoja wa kumwigiza badala ya kikosi. Dave Arneson, aliyekuwa katika kundi hilo hilo, alianzisha nchi ya kubuni ya Blackmoor na kuwaingiza wachezaji wake katika mapango ya chini ya ngome. Alipoungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, matokeo yakawa vijitabu vitatu vya mwaka 1974. Kilichokuwa kikosi nyuma ya kilima sasa kikawa dubwana nyuma ya mlango.

Mabadiliko haya si madogo. Kamanda wa Prussia alikuwa na adui mwenzake mezani, na mwamuzi alisimama kati yao. Mchezaji wa 1974 hana adui mwingine ila yule anayesemwa na mwamuzi. Mtunza siri amekuwa pia mwenye siri. Tangu hapo haki yake ilihitaji ithibati.

3. Dadu kama Shahidi

Ithibati ya kwanza ilikuwa dadu. Kwa mujibu wa kanuni za 1974, pande mbili zinapokutana bila kutarajiana, dadu ya pande sita hurushwa. Ikitoka 1 au 2, upande husika umeghafilika. Kwa kawaida dubwana huonekana likiwa umbali wa futi 20 hadi 80, lakini kukiwa na mshtukizo umbali hupungua hadi futi 10 hadi 30. Mhusika aliyeghafilika hukosa nafasi ya kukimbia au kujiandaa.

Mtu aweza kusema kwamba hii ni hesabu tu wala si fasihi. Hata hivyo, tukiitazama kwa jicho la mhakiki, tutaona kwamba dadu inafanya kazi ya kifani: inamwondolea msimulizi lawama. Si mwamuzi aliyeamua kwamba wahusika washtukizwe. Ni bahati, na bahati ni sawa kwa wote, kwani madubwana nayo huweza kughafilika. Aidha, umbali uliopungua ni maelezo ya mandhari yaliyofupishwa kuwa tarakimu. Mchezaji anapoambiwa kwamba kiumbe yuko futi 10 mbele yake, ameshaelewa kwamba hakumwona mapema.

Upungufu wa dadu ni kwamba yenyewe husema. Ikirushwa hadharani pasipokuwa na kitu chumbani, mchezaji hujua kwamba kitu kipo. Ndiyo maana waamuzi walizoea kuirushia nyuma ya ubao wa kadibodi, na mara nyingine kuirusha bila sababu yoyote, ili sauti yake isiwe habari. Shahidi aliyeletwa kuthibitisha haki akafichwa naye.

4. Madubwana Yaliyojigeuza Vitu

Jibu la pili lilikuwa kulificha dubwana, si gizani, bali katika umbo la kitu cha kawaida. Nyongeza ya Greyhawk ya mwaka 1975 ilieleza mchemraba wa ute mwangavu unaojaza ujia mzima bila kuonekana kwa urahisi. Kitabu cha Monster Manual cha mwaka 1977 kilikusanya jamii nzima ya viumbe wa aina hii: mmoja hufanana na sanduku la hazina, mwingine na sakafu, mwingine na dari, na mwingine na mwamba unaoning'inia pangoni.

Viumbe hawa hawakuzuka ovyo. Walizaliwa katika mashindano baina ya mwamuzi na wachezaji waliojifunza tahadhari. Orodha ya vifaa ya 1974 ilikuwa na ufito wa futi 10, ambao wachezaji waliutumia kudunga kila jiwe la sakafu kabla ya kulikanyaga. Walijifunza pia kutega sikio mlangoni kabla ya kuufungua. Basi Monster Manual kikaleta mdudu aishiye katika mbao, ambaye humwingia sikioni anayesikiliza. Kila hadhari ilizaa hila, na kila hila ikazaa hadhari mpya.

Hapa ndipo tatizo la uaminifu linapokuwa kali. Ikiwa sanduku, sakafu na mlango vyote vyaweza kuua, basi maelezo ya msimulizi hayana tena thamani ya ushahidi. Mchezaji husikia neno "sanduku" asijue kama ameambiwa kweli. Atagonga kila kitu kwa ufito wake, na mchezo utakwama kwenye kizingiti cha kila chumba. Msimulizi asiyeaminika wa riwaya humpotosha msomaji, lakini msomaji huendelea kufungua kurasa. Msimulizi asiyeaminika wa mezani hukosa wa kumfuata.

Uchapishaji nao uliongeza utata. Fanani wa ngano huibeba siri kichwani mwake. Dubwana lililochapishwa huuzwa dukani, na mchezaji aweza kulisoma kabla hajakutana nalo. Katika mwongozo wa mwamuzi wa mwaka 1979, Gygax aliwakemea wachezaji wasio waamuzi waliokimiliki kitabu hicho. Karipio hilo linadhihirisha kwamba mchezo huu wa sauti ulitegemea maandishi, na maandishi hayo hayo yalikuwa yakiivujisha siri yake.

5. Kutoka Bahati hadi Ushahidi

Toleo la pili, la mwaka 1989, lilibadili dadu tu: sasa ilikuwa ya pande kumi, na 3 au chini yake ilimaanisha mshtukizo. Mapinduzi ya kweli yalikuja mwaka 2000 katika toleo la tatu. Swali halikuwa tena "je, bahati imekuangukia?" bali "je, ulimwona au kumsikia?" Ustadi wa kujificha na kunyata ulipimwa dhidi ya ustadi wa kuona na kusikia. Mwaka 2014 toleo la tano lilikipa nafasi kubwa kipimo tulivu cha utambuzi, ambacho ni 10 pamoja na nyongeza za mhusika. Mwamuzi hulinganisha tarakimu hiyo kimyakimya na ujifichaji wa dubwana, bila ya mchezaji kurusha chochote. Hivyo lile tatizo la sauti ya dadu likapunguzwa sana.

Hatimaye, kanuni za 2024 ziliupunguzia mshtukizo makali. Aliyeghafilika hapotezi tena zamu yake ya kwanza. Huathirika tu katika kuamua nani atangulie. Mshtukizo, ambao mwaka 1974 uliweza kumaliza maisha ya mhusika, umekuwa hasara ndogo tu. Yamkini hayo ndiyo malipo ya haki: kadiri mchezaji alivyopewa uwezo wa kujikinga, ndivyo dubwana lilivyopoteza sehemu ya hofu yake.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba siri ilianza kama amana ya mwamuzi wa kijeshi, ikakabidhiwa dadu, ikajificha katika vitu, na mwishowe ikapimwa kwa ustadi wa mhusika. Hata hivyo, kanuni si mchezo wenyewe, kama vile matini ya ngano iliyoandikwa isivyo utambaji wake. Mwamuzi stadi hataitegemea tarakimu peke yake. Atataja harufu ya uozo ujiani, mifupa iliyosafishika kupita kiasi, au sanduku lisilo na vumbi katika chumba kilichojaa vumbi. Dubwana likizuka, wachezaji watashtuka na papo hapo watambue kwamba walikuwa wameambiwa.

Dalili hiyo ndiyo inayoirejesha taharuki mahali pake. Fanani wa ngano huwaambia wasikilizaji wazi kwamba mposaji ni zimwi. Mwamuzi huwaambia wachezaji nusu, na kuwaachia nusu wajitafutie. Wote wawili wana wajibu mmoja: dubwana lifichwe kwa mhusika, lakini asidanganywe msikilizaji. Uhakiki wetu, uliozoea kumhoji msimulizi baada ya hadithi kwisha, una la kujifunza kutoka kwa utanzu ambamo hadhira humhoji papo hapo, na ikikosa kuridhika, huinuka mezani ikaondoka.